Maji ya Alhamisi

Kila asubuhi, akishamaliza chai, Kamaldine alichukua punje chache za chakula cha samaki, akazisaga kati ya vidole viwili, akazinyunyiza juu ya maji ya sanduku la kioo ambayo hayakuwa na samaki hata mmoja. Kisha akaketi kwenye kigoda chake barazani na kuyatazama.

Souleymane kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na baraza hilo, hakuweza kunyamaza.

"Mzee Kama, leo wamekula vizuri?"

"Wamekula."

"Nani wamekula?"

"Maji."

"Aya, mukuje muone! Kasongo hii watu wanalala na njaa, mzee iko analisha maji!" Wateja wake walicheka, mmoja na povu shavuni. "Na ukishayanenepesha, utayachinja Idi gani?"

Kamaldine aliendelea kuyatazama maji yake. Hakuwa mtu wa kubishana na vinyozi wa siku hizi, wanaonyoa kwa mashine ya betri na kuacha vichwa vya vijana vimechorwa mistari kama shamba la mihogo lililolimwa na mlevi.

Yeye alikuwa fundi wa vioo. Shule aliiacha mapema, lakini mkono wake ulisoma. Baba yake alikuwa na duka lenye meza ndefu ya kioo kinene, na humo ndani zilipangwa kanzu, marashi na tasbihi. Mtoto akigusa kile kioo kwa vidole vyenye mafuta alichapwa. Kamaldine alijifunza kukata kioo kwa almasi ndogo iliyofungwa kwenye mpini wa mti. Alitengeneza fremu za picha za harusi na za watu waliotoka kuhiji, alitia madirisha kwenye nyumba za mji. Zamani zile alisukuma baiskeli hadi Kabambare, vioo vimesimama pande mbili za gurudumu vikiwa vimefungwa kwa mablanketi, yeye akitembea pembeni kama mtu anayempeleka bibi harusi. Alilala Wamaza njiani. Watu wa Wamaza walimletea maji ya kuoga na bugali kabla hawajamuuliza jina lake. Leo ukilala Wamaza watakuuliza kwanza una nini kwenye mzigo. Na madirisha yanatiwa plastiki, na picha ya harusi inakaa ndani ya simu, na simu ikitumbukia chooni ndoa nzima imezama.

Mke wake, Aicha, alitoka Nyangwe. Aliletwa Kasongo angali msichana, akamzaa Djamila, akazeeka, lakini hakuuzoea mji usio na mto. "Kasongo iko na maji ya kuchota," alikuwa akisema. "Maji ya kutazama hakuna." Alipenda kusimulia jinsi wasichana wa Nyangwe walivyoosha sufuria kwenye kingo za mto Lualaba. Ukoko wa bugali ulipoanza kulainika, visamaki vilikuja kwa makundi, vinausukuma kwa midomo, vinawauma wasichana vidole, na wasichana wanapiga kelele na kucheka. Aliviita samaki wa sufuria. Jina lingine hakuwa nalo.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Daktari wa macho waliyemfuata Kindu alisema ndani ya jicho mna presha, na kwamba kilichokwisha kuzimika hakirudi. Alimpa dawa ya matone ili kilichobaki kisiharakishe. Giza lilitoka pembeni na kuja katikati. Aicha aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Baba Djamila," alimwambia mumewe asubuhi moja, akimshika kidevu, "naona pua yako. Masikio umeyaacha wapi?"

Alicheka peke yake. Halafu akasema, si kama mtu anayeomba, ila kama mtu anayekumbuka kitu sokoni baada ya kufika nyumbani: "Ningeona wale samaki wa sufuria mara moja tena, basi."

Walijaribu kwenda Nyangwe. Lakini kwenye pikipiki mtu huona shimo na kujiandaa. Yeye hakuyaona, kila shimo lilimjia kama pigo la adui. Kwenye kijito cha kwanza aliomba arudishwe, akilia kwa aibu. Ndipo Kamaldine alipoingia ghalani na kukitoa kile kioo kinene cha meza ya baba yake.

Alikikata vipande vitano. Almasi haikukosea. Aliviunganisha kwa gundi ya silikoni iliyotoka Bukavu, akaacha ikauke, akaliweka sanduku barazani juu ya jukwaa la matofali, mahali penye mwanga mzuri wa mchana. Pompe ndogo ya kutia hewa aliiunga kwenye paneli ya jua iliyo juu ya bati. Abedi, mtoto wa shemeji yake Rehema, ndiye aliyeituma kutoka Bujumbura pamoja na kile chakula. Huko alifanya kazi katika hoteli yenye sanduku kama hilo ukumbini, na maelezo aliyatuma kwa sauti kwenye simu.

"Baba mudogo, usitie samaki kwanza. Tia maji, tia majiwe ya mtoni, washa pompe, halafu ulishe kama vile samaki wako mule. Chakula kitaoza, maji itanuka. Uache inuke. Kuna vidudu havionekani na macho, vinazaliwa pole pole juu ya majiwe, vinakula ile sumu. Vikiisha kuwa vingi, maji imekomaa. Hapo ndiyo unatia samaki. Ni wiki mingi, baba mudogo, haina haraka. Na usibadilishe maji yote. Usitie javeli, ile dawa ya kusafisha maji, inaua vile vidudu. Usioshe majiwe hata kidogo. Ukiosha, umerudi mwanzo."

Kamaldine alisikiliza maneno hayo mara nyingi. Yalimpendeza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusikia kijana akisema kwamba kitu fulani hakina haraka. Akamwagiza Placide, mvuvi wa Nyangwe aliyeleta samaki wabichi Kasongo, amletee mawe yenye utelezi wa kijani kutoka kingoni. Placide aliyaleta ndani ya bidoni la plastiki, yakiwa yangali na harufu ya Lualaba. Aicha aliyanusa, akayapaka shavuni.

Sasa, ili mambo yaeleweke, lazima kusemwe lile alilolifanya Kamaldine mwaka uliotangulia, kwenye hitima ya mama mmoja mkongwe wa mtaa, Hawa.

Zamani, katika nyumba za Waislamu wa mji huo, maji hayakuachwa yalale yakaingia Ijumaa. Alhamisi, kabla jua halijatua, wanawake walimwaga maji ya kila chombo, wakaviosha kwa majivu, wakaenda kwenye chanzo cha maji bondeni kuchota mengine, ili Ijumaa ikute nyumba na maji mapya. Mama Hawa alikuwa wa mwisho kufanya hivyo. Siku ya hitima yake watu walipokuwa wanakula, Kamaldine alisimama bila kuombwa. Aliwaambia wanawake kwamba pamoja na yule mama wamezika heshima ya mji. Aliwaambia wanapokea Ijumaa kwa maji ya jana. "Bibi zenu hawakuacha chombo hata kimoja!" alisema. "Mtungi, ndoo, birika, hata bilauri!" Wanaume walitikisa vichwa kukubali, wakaendelea kula.

Rehema, dada mkubwa wa Aicha, alitoka pale akilia. Lakini hakuwa mwanamke wa kulia tu. Aliwakusanya wenzake wa darsa la msikitini, na desturi ikafufuka. Kila Alhamisi waliingia nyumba kwa nyumba, wakianza na wagonjwa na wazee. Na mwaka ule wote, Kamaldine alipokaa barazani na kuwaona wanapanda kutoka kwenye chanzo, mabidoni vichwani, nguo zimelowa mabegani, alijisikia kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa.

Wiki ile ya kwanza ya sanduku, maji yalikwisha kuanza kuwa na ukungu na harufu. Alhamisi Kamaldine alikwenda kuswali alasiri, akakaa msikitini na wazee wenzake kulalamikia dunia. Aliporudi, sanduku lilikuwa linang'aa. Kioo kilisuguliwa hadi ungedhani hakipo. Maji yalikuwa meupe, na ndani yake mna matone ya javeli, maana kipindupindu kilikuwa kimepita na kila mtu alikuwa na chupa ya javeli nyumbani. Mawe ya Nyangwe yalikuwa yamesuguliwa kwa majivu na mchanga, yakaanikwa ukutani, makavu na meupe kama mifupa.

"Shemeji," Rehema alisema kwa furaha, akijipangusa mikono, "hii chombo yako ilikuwa inanuka vibaya! Mugonjwa hawezi kukaa karibu na maji ya kunuka. Tumekutengenezea."

Kamaldine alifungua mdomo. Akawaona wanawake watano wamekaa chini, wanapumua kwa uchovu. Akasema, "Aksanti."

Jioni alimpigia Abedi, na Abedi akampigia mama yake. Rehema alimjibu mwanawe kwa sauti iliyofika hadi kwa kinyozi: "Nilikuzaa mimi, nikakuosha mavi mimi, leo unanifundisha kuosha chombo?"

Kamaldine akaanza upya. Placide akaleta mawe mengine. Alhamisi iliyofuata mzee hakwenda msikitini. Alisimama mbele ya sanduku kama askari wa mlangoni.

"Shemeji, sogea kidogo."

"Hiki mukiache, Mama Abedi."

"Nikiache? Nyumba yote inukie vizuri, hiki kinuke?"

"Maji yanakomaa humo."

"Inakomaa? Ni ndizi?"

Wanawake waliangua kicheko. Ng'ambo ya njia Souleymane alizima mashine yake ili asikie vizuri.

"Kuna vidudu," Kamaldine alisema, na papo hapo akajua amekosea.

"Vidudu! Muko munasikia? Mudogo wangu anakufa macho, mume wake iko anafuga vidudu barazani!" Kisha Rehema aliacha kucheka. Alisogea karibu na kuongea chini chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sikia, shemeji. Weye mwenyewe ulisimama kwenye hitima ya mama Hawa ukatutia haya mbele ya watu. Ulisema chombo chochote. Ulisema hata bilauri. Mi nilisikia ile neno, ikaniingia. Leo hawa wanawake wanashuka kule kwenye chanzo na kupanda, kwa sababu yako. Niwaambie nini? Niwaambie mwenye alitufokea, yeye maji yake ilale?"

Kamaldine alimtazama Feza, mdogo kuliko wote, aliyesimama nyuma na bidoni kichwani na mtoto mgongoni. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Mtoto alikuwa amelala. Feza alikuwa akingoja tu aambiwe amimine wapi.

Akasogea.

Wiki nyingine alificha mawe kwenye ndoo chini ya kitanda. Waliyaona, kwa kuwa ndoo nayo ni chombo. Wiki nyingine alilifunika sanduku kwa mkeka. Waliukunja mkeka vizuri wakauosha nao. Kulihamisha hakuweza: likiwa na maji, wanaume wanne wasingelinyanyua. Kufunga mlango hakuweza pia, kwa maana wanawake wale ndio waliomwogesha mkewe, wakampikia, wakamsuka nywele. Kila Ijumaa alikaa mbele ya maji mapya, akasaga punje zake, akaanza tena. Na kila siku Aicha aliuliza kutoka ndani:

"Wamefika?"

"Bado. Maji hayajakomaa."

"Na mi ndiyo nakomaa," alijibu.

Siku moja alipitisha mkono ukutani kutafuta mlango mchana kweupe. Kamaldine aliona, akajifanya hakuona. Lile tundu la ufunguo lilikuwa limebaki tundu la sindano. Akamtumia Abedi ujumbe kwamba sasa analeta samaki hivyo hivyo.

"Baba mudogo, watakufa," Abedi alijibu.

"Macho ya mama yako mudogo nayo yanakufa. Nichague kipi?"

Ujumbe uliorudi haukuwa na maneno. Ulikuwa na kelele za njia ya Bujumbura, honi na muziki, kisha ukakatika.

Placide aliwaleta siku ya Ijumaa, ndani ya bidoni lililokatwa juu, amelifunga mbele yake kwenye pikipiki na kuja polepole kama mtu aliyebeba mayai. Njia ilimchelewesha, akafika jua limekwisha. Walimiminwa sandukuni, wadogo kama vidole, ubavuni wana mstari mwekundu. Aicha aliletwa barazani, akakaza jicho, lakini bila mwanga lile tundu halikumpa kitu.

"Kesho," alisema. "Kesho na jua. Aksanti, baba Placide. Mungu akuwekee miguu."

Kesho yake jua lilitoka zuri. Kamaldine alimkalisha mkewe kwenye kigoda mbele ya kioo, akamshika kichwa kwa viganja viwili, akakigeuza pole pole kushoto, juu kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani.

"Hapo!" Aicha alisema. "Simama hapo! Nawaona!"

Mikono yake ilipiga magoti kama ya msichana. Kisha ikatulia.

"Wanafanya nini huko juu?"

Samaki walikuwa wamekusanyika juu kabisa, midomo nje ya maji, mashavu yanakwenda mbio. Wawili walikuwa wameanza kulala ubavu.

"Wanacheza," alisema Kamaldine.

"Baba Djamila. Mi ni mutoto wa mtoni. Samaki hachezi hivyo." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Watoe. Watie maji ingine."

Maji mengine yapi? Aliingia ndani, akafunua mtungi, ndoo, birika. Yote yalikuwa maji ya jana na juzi, meupe, yananukia javeli. Chombo kimoja chenye maji machafu hakikuwamo nyumbani mwake. Alisimama katikati ya vyombo vile safi na mfuniko mkononi, hajui auweke wapi.

Aliporudi alitaka kumwinua mkewe ampeleke ndani. Aicha alikataa. Alibaki na kichwa chake pale pale alipokiweka, asikipoteze kile kitundu, akawatazama mmoja mmoja hadi wote wakalala ubavu. Hata Souleymane alivuka njia, akasimama na taulo begani.

Rehema alikuja adhuhuri na chakula. Alitazama sanduku, akamtazama mdogo wake.

"Nani amewaua?"

Alitumbukiza vidole majini, akavinusa, akakaa chini sakafuni na sufuria yake mapajani.

"Shemeji, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia hivi," alisema Rehema.

Aliwatoa samaki kwa mikono yake, akawafukia nyuma ya jiko. Hakuomba radhi na hakuombwa. Alhamisi iliyofuata aliingia akafagia, akampaka Aicha mafuta ya nywele, akatoka bila kugusa chombo chochote. Wenzake walipoona nyumba ya mzee mwenyewe imerukwa, waliuliza kwa nini zao zisirukwe. Feza alisema chanzo kiko mbali na mtoto wake anakohoa. Kiangazi kilipoingia, hapakuwa tena na mwanamke aliyepanda na bidoni kwa ajili ya Ijumaa. Desturi ilikufa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mtu wa kusimama kwenye hitima na kuisemea. Kamaldine alipopita mbele ya Rehema alitazama viatu vyake mwenyewe.

Maji yakaachwa. Yalinuka kama Abedi alivyosema, yakawa na ukungu, kisha yakaanza kutakata yenyewe bila mtu kuyagusa. Juu ya mawe ukaota utelezi wa kijani. Kamaldine aliendelea kuyalisha kila asubuhi, kwa kuwa hakujua la kufanya na asubuhi zake. Souleymane alisema siku moja, bila kucheka, "Mzee Kama, maji yako imepona." Placide akaleta samaki tena, na wakaishi. Walipita kati ya mawe, wakapigana, wakanenepa.

Aicha alikuwa haoni tena chochote, si pua ya mumewe, si jua.

Alasiri moja aliomba aletewe sufuria ya mchana isiyooshwa. Alibandua kipande cha ukoko kwa kucha, akakishika kati ya vidole, akakunja mkono wa nguo. Kamaldine aliuongoza mkono wake hadi ndani ya sanduku. Maji yalimfika kwenye kiwiko.

"Usiongee," alisema Aicha. "Wanaogopa sauti."

Samaki wote walikuwa wamekimbilia pembe ya mbali, nyuma ya jiwe kubwa, wamebanana wasitikisike. Hawakuwa wameujua mkono wa mtu isipokuwa wa kuwavua.

"Wamekuja?"

Kamaldine alitazama pembe ile.

"Wamekuja."

"Wengi?"

"Wote."

Aicha alingoja. Pompe ilikoroma, mapovu yakapanda na kupasuka. Msikitini adhana ya alasiri ilianza. Ilikuwa Alhamisi, na njiani hapakuwa na mtu.

"Muongo weye," alisema taratibu. "Hakuna aliyeniuma."

Lakini hakuutoa mkono. Aliuacha humo, vidole vimefunguka, na ukoko ukalainika ndani yake, ukakatika vipande vipande, ukazama.